Nani Alimdhamini Mpole?

Sehemu ya tisa

Msomaji, tulipoachana simu ilikuwa inalia. Bado inalia.

Kwa yule aliyelikosa gazeti la wiki jana, sogea nikupe kwa pumzi moja. Mama Kituo ana kituo cha kulelea watoto wadogo. Watoto arobaini na mmoja, wazazi wao wako kazini. Wiki mbili zilizopita mtoto wa fundi umeme, yule mnene anayeitwa Kibonge, alilala tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni na hakuna aliyeweza kumwamsha. Hospitalini wakasema amenyweshwa dawa ya mafua ya watu wazima, ile inayoleta usingizi. Kibonge akapona. Chupa ikapatikana kwenye kabati la mlezi mpya, binti wa miaka ishirini na mbili ambaye wazazi walimpachika jina la Mpole, kwa sababu hajawahi kumkaripia mtoto. Mpole akaapa kwamba chupa haijui. Akasimamishwa kazi.

Leo, saa nne kamili asubuhi, mkaguzi wa vituo vya watoto anakuja kuamua kama lango litabaki wazi au litafungwa. Anataka kujua jambo moja tu: Mpole aliingiaje?

Na Mama Kituo anataka kujua hilohilo. Ndiyo maana alimtafuta Mstaafu, askari wa upelelezi aliyestaafu, ambaye sasa anawachunguza watu kwa niaba ya watu. Mstaafu alifika ofisini saa mbili na nusu, akaomba barua ya Mpole, ile iliyoandikwa na mwalimu mkuu wa shule ya awali alikotoka, akapiga namba iliyo chini ya sahihi.

Simu ikalia mlemle ofisini. Ndani ya mkoba mwekundu ulioning'inia nyuma ya kiti cha karani. Na karani ni mdogo wake Mama Kituo, baba mmoja, mama mmoja.

Mama Kituo hakupandisha sauti. Wanaomjua wanasema akipandisha sauti bado una nafasi. Akiishusha, tafuta mlango.

"Pokea," alisema, kwa sauti ya chini.

"Dada, milio ya simu siku hizi inafanana."

Mstaafu akakata. Mkoba ukanyamaza. Akapiga tena. Mkoba ukalia.

"Inafanana kweli," Mstaafu alisema.

Karani akafungua zipu polepole, kama anayembandua mtoto plasta. Akatoa kisimu kidogo cha vitufe ambacho dada yake hakuwahi kukiona, akakiweka mezani. Kilikuwa bado kinatetemeka, kikazunguka nusu duara na kutulia mbele ya kikombe cha penseli.

Mama Kituo alikitazama. Kisha akafungua faili la Mpole, ukurasa wa nne, ule aliouandika kwa mkono wake mwenyewe.

"Alhamisi, saa tano na robo," alisoma. "Nimeongea na mwalimu mkuu, dakika kumi na moja. Mwanamke mtulivu, ana mafua. Anamsifu sana binti. Mazingira ya shule yanasikika, watoto wanaimba." Akainua macho. "Ulikuwa wapi?"

"Stoo."

"Stoo ya wapi?"

"Ya hapa. Nyuma ya magodoro."

Kutoka kiti cha Mama Kituo mpaka mlango wa stoo ni hatua kumi. Alizihesabu kichwani, kwenda na kurudi.

"Na watoto waliokuwa wanaimba?"

"Wetu."

"Nilisikia mtu anawaambia wakanawe mikono."

"Mpishi."

Mstaafu alikohoa, kikohozi cha mtu anayezuia kicheko ambacho si mahali pake.

"Nimekubeba mgongoni wewe," Mama Kituo alisema. "Nimekufundisha kufunga viatu. Nikaongea na wewe dakika kumi na moja nisikujue?"

"Hukuwa unanisikiliza, dada. Ukipiga zile simu zako unasoma swali, unaweka alama, unasoma swali lingine. Hata baba angefufuka akapokea, ungemuuliza amekufahamu tangu mwaka gani."

Lilikuwa tusi, lakini tusi lenye ukweli ndani yake, na hilo ndilo huuma zaidi.

Maana Mama Kituo ana utaratibu wake, na mji mzima wa wazazi unaujua. Karatasi, simu, miguu. Karatasi ni barua na vyeti. Simu ni kumpigia mtu aliyemwajiri mwombaji. Miguu ni kwenda mwenyewe mpaka pale alipofanya kazi, kusimama mlangoni, kuwauliza wapishi na wafagiaji, maana wakubwa husifu ili wamwondoe mtu, lakini mfagiaji hana sababu ya kudanganya. Mpishi alipitia yote matatu. Mlinzi alipitia yote matatu. Hata mzee anayekuja kukata majani mara moja kwa mwezi aliwahi kufuatwa mpaka kwa tajiri wake wa zamani.

Mpole peke yake ndiye aliyepita kwa mawili. Shule aliyotoka iko mwendo wa saa tatu kwa gari. Jumatano ile Mama Kituo alikuwa amejiandaa kwenda, viatu vya kutembelea mguuni, chupa ya maji mkononi. Gari la kituo likapata hitilafu ya breki. Mumewe, ambaye ndiye dereva, akalipeleka gereji kutwa nzima. Kesho yake karani akasema, si upige tu simu, dada? Akapiga. Watoto walikuwa wanaimba vizuri. Akaweka alama ya mwisho, akafunga faili.

"Kwa nini?" sasa aliuliza.

Karani alikuwa anaichezea pete yake. "Binti alikuwa na shida. Alihitaji mahali."

"Watu wote wenye shida huwa unawafichia simu kwenye mkoba?"

"Nilitaka angalau mtu mmoja aingie hapa bila kuvuliwa nguo mbele ya kila mtu." Sauti ya karani ilianza kupanda. "Mimi ulinichunguza, dada. Mimi. Ulikwenda chuoni kwetu kuuliza kama kweli nilimaliza. Nilikutana na mwalimu wangu sokoni akaniambia, dada yako alikuja, anasema ni utaratibu. Nilitamani ardhi inimeze."

"Na ulikuwa umemaliza?"

"Unajua nilimaliza."

"Ninajua kwa sababu nilikwenda."

Mstaafu aliona ni wakati wake. Ni mtu mrefu, mkimya, anayevaa sweta hata jua likiwaka, na anaongea kama anayesoma ripoti.

"Mimi nilikwenda, mama," alisema. "Juzi. Kwanza kabisa, mwalimu mkuu wa ile shule ni mwanamume. Ana ndevu mpaka hapa." Akaonyesha kifua. "Hajawahi kuandika barua yoyote kumhusu huyu binti, na muhuri ulio kwenye barua si wao. Wao wana wa mviringo. Huu una pembe."

"Alifanya kazi pale au hakufanya?"

"Alifanya. Miezi saba. Alifukuzwa Ijumaa. Kwako alileta maombi Jumatatu."

"Alifukuzwa kwa nini?"

Mstaafu alimtazama karani kwanza, kisha Mama Kituo. "Wafagiaji ndio walioniambia, kisha mwalimu mkuu akakubali. Kila siku baada ya chakula cha mchana, darasa lake lilikuwa kimya kuliko yote. Watoto sita, wamepangwa kwenye mkeka kama nguo zilizokunjwa. Walimu wenzake wakamsifu. Mpaka siku mzazi mmoja alipokuja mapema akamkuta mwanawe shingo imelegea, haamki. Walipekua, wakaikuta chupa. Dawa ileile."

Nje mtoto alianguka kutoka kwenye bembea, akalia, akanyamazishwa.

"Walimwacha aende hivihivi?"

"Waliogopa jina la shule kuchafuka. Wakamwambia aondoke kimyakimya. Mama, ndivyo watu wa namna hii wanavyohama. Kila mmoja anamsukumia mwenzake, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema."

Karani alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na safari hii haikuwa hila.

"Sikujua," alisema. "Dada, wallahi hilo sikulijua. Niliambiwa aligombana na mwalimu mwenzake. Wivu wa kazini. Niliambiwa hivyo."

"Uliambiwa na nani?"

Karani akaurudisha mkoba nyuma ya kiti.

"Mdogo wangu. Nimekuuliza uliambiwa na nani."

"Shemeji," karani alisema.

Msomaji, kuna maneno yakitoka mdomoni hayarudi, na hilo lilikuwa mojawapo. Shemeji wa karani ni mmoja tu. Ni yule anayeendesha gari la kituo, anayewabeba watoto kumi na tisa asubuhi na kumi na tisa jioni, anayejua nani anatapika kwenye kona na nani anaogopa mbwa wa jirani. Ni mume wa Mama Kituo, miaka kumi na tisa.

"Endelea," Mama Kituo alisema. Sauti yake ilikuwa chini kiasi kwamba Mstaafu aliinama ili aisikie.

"Alikuja kwangu Jumapili. Akasema kuna binti wa nyumbani kwao, mtoto wa marehemu kaka yake, hana mtu. Akasema dada yako akijua ni ndugu yangu atamchunguza mara mbili, unamjua alivyo. Barua aliileta yeye, na kisimu aliniletea yeye. Akasema ni jambo la siku moja."

"Mtoto wa marehemu kaka yake."

"Ndiyo."

"Mume wangu hana kaka. Wamezaliwa yeye na dada zake watatu."

"Hata mimi nilishangaa," karani alisema kwa unyonge. "Nikafikiri labda wa mama mwingine."

"Huyo binti yuko wapi sasa?"

"Kwangu. Chumba cha nyuma. Tangu ulipomsimamisha kazi."

Mama Kituo alicheka. Kicheko kifupi, kikavu, kisicho na furaha hata tone. Wiki mbili nzima amekuwa akimsaka Mpole amhoji, na kila jioni mdogo wake alikuwa anakaa kwenye kile kiti akimwambia, pole dada, utampata tu.

"Mzee," alimgeukia Mstaafu, "kwenye bahasha umebakiza nini? Nakuona umeishika kama yai."

"Mama, nikuombe ukae."

"Nimekaa."

"Basi usisimame."

Akatoa karatasi moja. Nakala.

"Ile shule ina mlinzi mwenye mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu mkuu," alisema. "Kila gari linaloingia analiandika kwenye daftari la getini. Tarehe, namba ya gari, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sababu ya kuja. Mimi nilitaka tu kujua nani alimsaidia binti kuhamisha vitu vyake. Mtu aliyefukuzwa habebi godoro kichwani."

Mama Kituo aliisoma karatasi. Jumatano. Saa tano kasorobo. Kwenye safu ya pili, kwa mwandiko uliosimama wima kama askari, ilikuwepo namba ya gari la kituo.

Gari lililokuwa gereji.

Alikumbuka Jumatano ile yote. Alikumbuka mvua. Jioni aliwarudisha watoto sita kwao kwa miguu, wameshikana mikono kwenye mstari, mkubwa mbele na mwingine mgongoni kwake, maji yakiingia kwenye vile viatu vya kutembelea. Mumewe alirudi magharibi, akamkumbatia, akasema pole mke wangu, fundi alikuwa mzembe. Na siku ileile ambayo yeye angekuwa amesimama kwenye lile geti akiuliza maswali, gari lake mwenyewe ndilo lililokuwa limesimama pale.

"Soma safu ya mwisho," Mstaafu alisema taratibu.

Sababu ya kuja: *Kuchukua vitu vya binti yake.*

Karani alisoma juu ya bega la dada yake. Akakaa bila kuangalia kama kiti kipo.

"Mlinzi anaweza kuwa amekosea," alisema.

"Nilimuuliza," Mstaafu alijibu. "Alisema haandiki la kwake. Anaandika alichoambiwa na dereva."

Nje breki zilifunga vizuri kabisa. Mlango wa gari ukafunguliwa, watoto wa zamu ya mwisho wakashuka wakipiga kelele, na sauti ya mwanamume ikasikika ikisema taratibu, taratibu, mkoba wako huu, usimvute mwenzio.

"Dada," karani alinong'ona haraka, "mkaguzi anafika saa nne. Hiyo barua itoe. Sema ilipotea. Sema tulidanganywa na watu tusiowajua. Kituo kikifungwa tunakwenda wapi sote?"

"Keti."

"Nimekaa."

"Basi nyamaza."

Dereva aliingia akizungusha funguo kidoleni, uso mkunjufu kama kawaida yake. "Mke wangu, yule wa nyumba ya kijani ametapika tena, mama yake anasema ni may..." Akamwona Mstaafu. Akakiona kisimu juu ya meza. Funguo zikaacha kuzunguka.

"Marehemu kaka yako hajambo?" Mama Kituo aliuliza.

Dereva alimtazama karani. Karani alitazama sakafu.

"Naweza kueleza," alisema.

"Najua unaweza. Umeeleza vizuri miaka yote. Breki zilieleza vizuri pia."

Akamsogezea ile karatasi. Dereva aliisoma akiwa amesimama, na alipofika safu ya mwisho aliishika kwa mikono miwili kana kwamba imekuwa nzito. Hakukana. Msomaji, angekana tungekuwa na la kumtetea.

"Nilimpata kabla yako," alisema. "Nilikuwa kijana. Mama yake alikwenda naye mbali. Amenitafuta mwenyewe, mwaka jana. Nilitaka kukuambia."

"Miaka kumi na tisa ulikuwa unatafuta ulimi?"

"Ningekuambia, ungemchunguza."

"Ndiyo."

"Mtoto wangu, mke wangu. Ungemfuata kwa faili na maswali kama mwizi."

"Ndiyo. Na ningefika pale getini, wafagiaji wangeniambia, na Kibonge asingelala kwa muda wa saa saba mama yake akimpigapiga mashavu." Akamwacha avute pumzi moja tu. "Kuwa na mtoto si kosa. Ungemleta nyumbani ningempa chumba. Nikuulize moja, na unijibu ukinitazama. Ulijua alifukuzwa kwa nini?"

Dereva hakumtazama.

"Ulijua?"

"Aliniapia kwamba hatarudia," alisema.

Hapo ndipo Mama Kituo aliposhika ukingo wa meza. Mpaka dakika ile alikuwa na sehemu moja ndogo iliyokuwa inamtafutia mumewe njia ya kutokea. Kwamba alidanganywa, kwamba aliona aibu, kwamba mwanamume akikutana na bintiye aliyempoteza akili humtoka. Sehemu hiyo ikafa palepale.

"Mwanetu wa mwisho," alisema polepole, "analala mchana kwenye chumba cha Mpole. Anakunywa maziwa kutoka mtungi uleule. Ulikuwa unamshusha kwenye gari kila asubuhi, unambusu, unamkabidhi."

"Nilimwonya. Nilimwambia, huyu ni mdogo wako, asiguswe."

Aliposema hivyo, hata Mstaafu, aliyefanya kazi ya polisi miaka thelathini na moja, alitazama pembeni.

"Asiguswe yeye," Mama Kituo alirudia. "Na wale arobaini?"

Mlangoni kulikuwa na mtu anabisha.

Mkaguzi ni mwanamke mfupi, viatu bapa, miwani iliyofungwa kamba. Aliingia, akawatazama watu wanne waliokuwa kama wako msibani, akatazama saa yake.

"Naona nimewahi," alisema. "Nisubiri nje?"

Karani aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa kwenye ile barua yenye muhuri wa pembe, pale mezani, karibu kabisa na mkono wa dada yake. Ingetosha kuisukuma tu chini ya daftari la mahudhurio.

Mama Kituo aliichukua, akaiweka juu ya faili, juu yake akaweka nakala ya daftari la getini, juu yake akaweka kile kisimu, na vyote akavisukuma upande wa mgeni.

"Kaa, mama mkaguzi," alisema. "Uliuliza binti aliingiaje. Barua ni ya uongo. Simu niliyopiga ilipokewa na huyu hapa, mdogo wangu, nyuma ya magodoro. Aliyejua ukweli ni huyu, mume wangu, na binti ni wake. Mimi kosa langu ni kwamba sikwenda. Ninawaambia wazazi kila mwaka kwamba ninakwenda, na huyu sikumwendea. Binti yuko nyumbani kwa mdogo wangu. Huyu mzee atakwenda naye huko tukimaliza, na kutoka huko watampeleka binti polisi."

Dereva alisogea hatua moja. "Mke wangu, polisi..."

"Sijaongea na wewe."

Mkaguzi alisoma kila kitu. Alisoma kwa muda mrefu, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye yale maneno kuhusu mazingira ya shule na watoto wanaoimba, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nimekagua vituo vingi," alisema mwishowe. "Huwa napewa faili zuri, ninalitafuta baya mwenyewe kwenye makabati. Hii ni mara ya kwanza napewa baya mkononi." Hakutabasamu. "Lakini hiyo haitoshi kunifanya niache lango wazi. Nataka kila anayegusa watoto awe na faili kamili mbele yangu, sasa hivi. Una wafanyakazi wangapi?"

"Saba, pamoja na aliyesimamishwa."

"Niletee."

Mama Kituo alifungua droo, akayapanga mafaili mezani moja baada ya jingine. Mpishi. Mlinzi. Karani. Walezi wawili. Mpole lilikuwa tayari pale.

Mkaguzi aliyagusa moja moja kwa kalamu. "Sita. Nani hana?"

Mama Kituo aliitazama ile droo tupu kama anaiona leo. Miaka tisa tangu afungue kituo. Habari za mdogo wake alizifuata mpaka chuoni. Za mkata majani, mpaka kwa tajiri wake.

"Dereva," alisema.

"Kwa nini?"

"Ni mume wangu."

"Nimeuliza kwa nini hana faili. Sijauliza ni nani."

Mama Kituo akaifunga droo.

Mkaguzi akafungua mkoba wake, akatoa fomu ya kurasa mbili yenye nembo ya idara, akaibana kwenye ubao. "Hii inajazwa hapa, mbele yangu. Taarifa zake ninazisoma kwa simu leo hii makao makuu, wanazilinganisha na kumbukumbu zao. Zikilingana, mnaendelea kwa masharti. Nikitoka hapa bila hii karatasi, watoto wanafuatwa na wazazi wao mchana huu na lango linafungwa."

Watoto arobaini na mmoja walikuwa uani. Walezi wawili walikuwa wanawapanga mstari wa kwenda msalani.

"Kaa," Mama Kituo alimwambia mumewe.

"Mke wangu, tuongee kwanza. Nje. Dakika mbili."

"Tutaongea baadaye, tukiwa na muda. Sasa hivi nina watoto. Kaa."

Alikaa. Akaweka funguo za gari mezani, taratibu, mbali na yeye. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na ofisi ile haina joto, ina dirisha pande mbili. Mstaafu aliliona lile jasho. Akaacha kuegemea ukuta.

Mama Kituo alichukua kalamu mwenyewe. Amewajazia watu fomu za namna hii mara nyingi kiasi kwamba hata haisomi, lakini leo aliisoma.

"Jina kamili," alisema, "kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa."

Lilikuwa swali jepesi kuliko yote katika kurasa zile mbili. Yeye mwenyewe angeweza kulijibu, amelitumia jina lile miaka kumi na tisa, amewapa watoto watatu. Tayari alikuwa ameshaandika herufi ya kwanza.

Dereva aliitazama ile herufi. Akamtazama mkaguzi, akamtazama Mstaafu aliyekuwa sasa amesimama mlangoni. Kisha, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akamtazama mkewe machoni.

"Lipi?" aliuliza.